Mbege ya Mama Ng'ambo ya Meru

Mdogo wangu wa kike alipotuambia kwamba kijana anayetaka kumuoa anatoka Oldonyo Sambu, mama hakuuliza kijana huyo anafanya kazi gani wala anasali wapi. Aliuliza kama huko kuna migomba.

"Hakuna, mama," mdogo wangu akamjibu. "Wanalima mahindi na maharage, wanafuga ng'ombe na mbuzi. Kwa migomba ni kukavu mno."

Mama aliendelea kumenya ndizi. Maganda yalikuwa yakidondoka kwenye beseni miguuni pake.

"Sasa hiyo siku ya harusi," akasema mwishowe, "watu watakunywa nini?"

Kwa mtu asiyemfahamu mama yangu, swali hilo lingeweza kuonekana la mzaha. Nyumbani kwetu ni upande wa mashariki wa Mlima Meru, kwenye kahawa na migomba, na mama ni mpika mbege. Hajawahi kuwa na kilabu. Anapikia pale pale uani, nyuma ya jiko, kama alivyopika bibi aliyemzaa, na watu wanaokunywa pombe yake ni wale wanaokuja: majirani, watu wa misiba, watu wa ubatizo, wazee wanaopita wakisingizia kwamba wanaulizia mbegu za maharage. Ndizi zikiiva sana anazichemsha mpaka ziwe nyekundu, anaziacha zilale siku kadhaa, kisha anazichanganya na maji na kuzichuja. Ulezi anauchipusha mwenyewe, anausaga, anaupika uji, na uji ukipoa anauchanganya na ile ndizi. Akimaliza anafunika pipa, anaondoka, na haruhusu mtu kulifunua kwa sababu ya udadisi.

Kesho yake pombe inakuwa tayari. Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo, kwani mbege ikishaiva haitulii. Inaendelea kuchemka yenyewe polepole, inatoa gesi, na siku ya pili inaanza kuwa kali. Ukiitia kwenye dumu la plastiki na kulifunga, dumu linavimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Usipolifunga, inamwagika yote njiani. Marehemu baba aliwahi kumpelekea mjomba wetu wa mjini dumu moja ndani ya buti la gari la rafiki yake. Kifuniko kiliruka kabla hawajafika Tengeru. Gari lile liliendelea kunuka mpaka likauzwa, na rafiki wa baba hakutupa tena lifti.

Kwa hiyo mbege ya mama ilikuwa ya kunywewa uani kwa mama. Yeye mwenyewe pia alikuwa mtu wa uani kwake. Mjini alikuja kwa shughuli tu, na kabla ya jua kuanza kushuka alikuwa ameshaanza kutafuta kanga yake ili arudi.

"Shemeji ameshasema watanunua bia na soda," nikamwambia.

"Bia za dukani sizikatai," akasema. "Lakini huyu ni kitinda mimba wangu. Nitamwozaje kwa chupa za dukani? Nitakaa pale kama mgeni aliyealikwa."

Mimi ni fundi wa majokofu. Ninaishi Olasiti, pembezoni mwa mji, na familia yangu, na sehemu kubwa ya kazi zangu ni mahotelini: vyumba vya baridi, mashine za barafu, na zile meza za kaunta ambazo bia hutoka kwenye koki. Katika miezi hiyo hiyo ya maandalizi nilikuwa nikifanya kazi kwenye hoteli moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake vya zamani. Stoo kulikuwa na kegi ndogo za stenlesi zilizorundikwa kwenye kona. Ni mapipa madogo ya chuma yanayofika magotini, yana kifuniko kinachobanwa na kishikio cha kubebea, na juu yana matundu mawili, moja la kuingizia gesi na jingine la kutolea kinywaji. Wageni walikuwa wakizibeba kwenye matembezi ya porini ili wanywe bia baridi wakitazama twiga. Meneja alisema nikizihitaji nichukue, maana yeye anahitaji nafasi.

Nilizibeba kwa ajili ya mama, ingawa sikuwa na hakika. Bia ya hotelini ni nyepesi na safi kama maji ya bomba. Mbege ni nzito, ina uji wa ulezi ndani yake, na bado inafanya kazi. Nilibadilisha raba za vifuniko, nikaziosha mpaka harufu ya zamani ikatoka, nikapanda nazo kijijini.

Mama alizitazama zikiwa zimepangwa barazani.

"Umeniletea mitungi ya gesi?"

"Ni za pombe, mama. Zinahimili presha. Hazivimbi wala haziruki vifuniko."

"Na mbege itatokaje humo?"

"Kwa koki."

Alicheka. "Haya, baba. Tujaribu."

Tulijaribu Jumapili moja baada ya ibada, naye hakuwa amebadilisha gauni lake la kwaya. Nilijaza kegi moja, nikaifunga, nikaiweka kwenye pikapu na kuzunguka nayo barabara ya kijiji yenye mashimo ili nione safari inavyoifanya. Niliporudi, mama alisimama mbele ya koki akiwa na kikombe mkononi. Nilifungua. Kwanza hakikutoka kitu, kwa kuwa uji wa ulezi uliokuwa umejaa chini uliziba mrija. Nikaongeza gesi kidogo. Uji ukazibuka ghafla na povu likaruka kama maji ya bomba lililopasuka, likampata mama kuanzia kola mpaka kiunoni.

Mdogo wangu alikimbilia ndani kucheka. Mama alibaki amesimama na kikombe chake kitupu.

"Angalau," akasema akijipangusa macho, "sasa tunajua kwamba ina nguvu."

Nilirudi Olasiti na kufikiri wiki nzima. Mrija wa kegi unanyonya kutoka chini kabisa, na kwenye mbege chini ndiko uji unakolala. Niliukata. Mahali pake nikaweka mpira laini na mwembamba, nikafunga kijiboya kwenye ncha yake ili ielee juu na kunyonya kule kulikotulia. Nikaweka mpira mrefu zaidi kati ya kegi na koki ili pombe ipunguze kasi kabla haijafika kikombeni. Mama naye alikubali kuichuja mara mbili, mara ya pili kwa kitambaa, jambo ambalo mwanzoni lilimuudhi.

"Mbege bila ulezi ni juisi," alilalamika.

"Ulezi utabaki, mama. Yatatoka makapi tu."

Jaribio la pili lilifanyika kwangu Olasiti. Niliwaita majirani wachache barazani. Mama alikaa kwenye kiti akiwa ameegemeza mkoba wake mapajani, tayari kuondoka aibu ikitokea. Nilifungua koki polepole na mbege ikatoka, nzito, rangi yake ile ile ya udongo mwekundu, na povu jembamba juu. Mama alinyoosha mkono kabla ya mtu mwingine yeyote. Alionja, akakaa nayo mdomoni, akameza.

"Ni yangu," alisema, kama mtu aliyepata mzigo wake stendi.

Jirani yangu mmoja, Mchaga wa Machame, alikunywa vikombe vitatu akauliza mama huyu anapatikana wapi. Mama aliinua mkoba kutoka mapajani, akauweka chini.

Siku ya harusi tuliondoka kijijini alfajiri, kegi zimefunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa na kufungwa kwa kamba nyuma ya pikapu. Mama alikaa mbele pamoja nami. Tulipita mjini, tukashika barabara ya Namanga, na baada ya Ngaramtoni ardhi ikaanza kufunguka na kukauka. Mama hakuwa amewahi kufika huko. Alikuwa akiangalia nje dirishani upande wa kulia.

"Huu ni mlima gani?" akaniuliza.

Nilidhani anatania. "Ni Meru, mama."

"Meru huu wetu?"

"Ndiyo huo huo."

Kwetu mlima una ufa mkubwa, umefunguka upande mmoja kama bakuli lililovunjika, na unauona kati ya majani ya migomba ukipenda. Upande huu ulikuwa umesimama mzima, wa kijivu, hauna kinachouziba. Mama aliutazama mpaka shingo ikamuuma.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani naujua."

Nilielewa kwamba hakuwa akizungumzia mlima peke yake. Mwanawe alikuwa anakwenda kuishi kwenye upande ambao yeye hakuwa na picha yake kichwani. Hakujua watu wanaamkaje huko, wanakula nini asubuhi, mtu akiugua wanamwita nani. Nikashusha kioo apate upepo.

Baada ya lami tulikata njia ya vumbi. Nilikuwa nimeipima barabara ile kwa mashimo ya kijijini kwetu, na kwetu mashimo ni machache ukilinganisha na makorongo yale. Pikapu ilipanda na kushuka, kegi zikawa zinagongana chini ya magunia, na magunia yenyewe yalikuwa yameshakauka kwa jua.

Ibada ilikwenda vizuri. Shangwe, picha, vumbi kwenye viatu vya bibi harusi. Kisha tukaenda nyumbani kwa kina shemeji, boma kubwa lenye nyumba ya bati, zizi, na maturubai yaliyofungwa kwa ajili ya wageni. Wanaume walikuwa wanachoma nyama. Nilishusha kegi, nikazipanga juu ya meza, nikafunga mipira na koki. Wazee wenye mashuka walisogea kutazama. Katikati yao alikuwepo mwanamke mzee sana, mwembamba, masikio yake yametobolewa na kurefuka, ambaye kila mtu alimwinamia kichwa kabla ya kuzungumza naye. Alikuwa bibi yake shemeji, mama wa baba yake. Walimwita koko, bibi kwa Kimaa.

"Mmeleta gesi?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata.

"Ni pombe, bibi. Mbege ya mama yangu."

Nilifungua koki. Likatoka povu. Nikajaza jagi zima la povu, nikalimwaga, nikajaribu kegi ya pili. Povu. Nilitoa presha, nikangoja, nikajaribu tena, povu. Safari na jua vilikuwa vimeichafua pombe yote, na katika umati ule wa watu waliokuja kuona mbege ya Wameru, nilikuwa nikiwapa hewa. Mtu mmoja nyuma alicheka. Nikamwona mama amesimama pembeni, mikono ameikunja kifuani, macho yake hayaniangalii mimi wala kegi. Alikuwa anaangalia chini.

"Shemeji," nikamnong'oneza bwana harusi, "inahitaji kupoa na kutulia. Kuna barafu?"

"Barafu? Huku?" Alijikuna kichwa. "Za kwenye soda zimeshayeyuka."

Koko alikuwa ametusikia. Alimuuliza mjukuu wake jambo kwa Kimaa, akajibiwa. Kisha alinyoosha fimbo yake kuelekea zizini, kwenye pipa lililopasuliwa katikati na kulazwa, lililojaa maji ya ndama.

"Ziwekeni mle," akasema.

Wanaume walitazamana. Kiangazi kilikuwa kimekolea, na tulikuwa tumewapita wanawake njiani wakiswaga punda waliobebeshwa madumu ya maji kutoka mbali. Mama aliinua kichwa.

"Shikamoo, mama," alimwambia koko. "Maji hayo ni ya ndama. Hatuwezi."

"Marahaba. Ndama watakunywa baadaye. Chuma hakinywi maji."

Watu wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa kingine. Tulizibeba kegi mpaka zizini na kuzilaza kwenye maji yale, kivulini mwa ukuta wa miba. Koko akaagiza kiti chake kiletwe hapo hapo. Akaagiza na cha pili. Akampigia mama kiti kwa kiganja, kama unavyomwita mtoto.

Sherehe iliendelea huko nyuma, na sisi tukakaa kulinda kegi. Mimi nilikuwa nikigeuza vyuma kwenye maji na kufungua valvu kidogo kidogo, kwa hiyo niliyasikia yote. Mwanzoni walizungumza kwa shida. Kiswahili cha koko kilikuwa kidogo, na cha mama, akiwa na wasiwasi, huingiliwa na Kimeru. Mdogo wangu alikuja na gauni lake refu jeupe, akachuchumaa kati yao huku ameshikilia pindo lisiguse samadi, na pale maneno yalipokwama akasaidia kwa Kimaa kidogo alichokuwa ameshajifunza.

Koko alisema yeye si mtu wa hapo. Alizaliwa Terrat, ng'ambo ya mji, akaletwa Oldonyo Sambu kuolewa akiwa msichana. Alisema masika yote ya kwanza alilia, akichunga mbuzi na kulia, na mama mkwe wake akidhani ana ugonjwa wa macho.

"Mama yako alikuja kukuona?" mama akauliza.

Koko alitikisa kichwa. "Ilikuwa mbali. Siku zile, mbali. Alikufa hajaiona nyumba yangu."

Ndama mmoja alisogea, akanusa kegi, akaanza kunywa maji pembeni yake bila hofu.

"Wewe umekuja," koko akamwambia mama. "Siku ya kwanza kabisa, umekuja. Na umebeba pombe." Kisha akaongeza kwa Kimaa maneno marefu, na mdogo wangu akasita kabla ya kutafsiri.

"Anasema nikilia atakuita. Anasema yeye anajua kutofautisha kulia kwa moyo na kulia kwa ugonjwa wa macho."

Mama alimshika koko mkono. Sijawahi kumwona mama akimshika mtu asiye wa nyumbani mkono kwa muda mrefu namna ile. Aliuliza mambo yote aliyokuwa ameyabeba ndani ya gari: mtu akiugua anapelekwa wapi, zamu za maji zinakwendaje, kama wanaume wa huko wanapiga wake zao. Koko alimjibu moja moja. Kwa hili la mwisho aliinua fimbo yake na kusema kwamba katika boma hilo anayepiga ni yeye tu.

Jua lilipoanza kupungua ukali, nilibonyeza valvu na haikutoa tena mluzi. Nikafunga mpira na koki pale pale zizini. Mbege ilishuka kwenye kikombe taratibu, baridi kiasi, povu kidogo kama kidole. Nilimpa mama. Mama alimpa koko.

Koko alionja. Alionja tena. Alisema neno kwa Kimaa na vijana wakapiga makofi.

"Amesemaje?" nikamuuliza shemeji.

"Kasema imemkumbusha kwamba ana njaa."

Tulizirudisha kegi kwenye maturubai na hakuna iliyobaki na kitu. Wapo waliokunywa soda tu kwa sababu ya kanisa, na hakuna aliyewabughudhi. Wapo wazee waliotaka kujua kijiboya kimetengenezwa na nini. Mama alisimama kwenye koki mwenyewe. Alikuwa amenisukuma pembeni, na kila aliyekuja na kikombe alimuuliza jina na ukoo kabla ya kumjazia. Alikuwa amegeuza meza ile kuwa uani kwake.

Wiki chache baadaye shemeji alinipigia simu. Koko alikuwa ametengeneza pombe ya asali, ile ambayo wazee wao hubarikia ndoa, na alitaka ifike kwa mama yetu. Lakini alikuwa ameweka sharti.

"Anasema haitasafiri kwenye dumu," shemeji akanieleza akicheka. "Anataka vile vyuma."

Nikampelekea kegi mbili. Tangu hapo zimekuwa zikienda na kurudi. Zikienda zina mbege, zikirudi zina pombe ya asali, au zinarudi tupu zikiwa zimeoshwa kwa majivu na kukaushwa juani. Nimejifunza kuondoka mapema kabla ya joto, kuzifunga kwa blanketi katikati ya magodoro, na kuziacha zitulie zikifika kabla ya mtu yeyote kugusa koki. Majirani wa Olasiti wameanza kuniomba kwa ajili ya ubatizo na mahafali. Mama anasema atampikia anayeomba kwa heshima. Kila mara anataka kuambatana na pombe yake, na anaporudi ana habari za watu wa mjini, wa Njiro na Sakina, kana kwamba amekua nao.

Mwaka huu mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike. Mama alipanda gari kwenda kumtazama, na tulipatana kwamba nitamfuata baada ya wiki. Nilipofika nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya bati, mtoto amelala begani, anasalimiana na mwanamke aliyepita na punda. Mwanamke alisema, "Takwenya," na mama akaitikia, "Iko," bila hata kugeuza kichwa.

"Umejiandaa?" nikamuuliza baada ya kumwamkia. "Gari liko tayari."

Aliniangalia kama mtu aliyemsahau mgeni.

"Baba, wewe nenda," akasema. "Mwambie jirani aendelee kuwapa kuku maji. Mimi bado nipo kidogo."

Mdogo wangu alinitazama kutoka mlangoni akitabasamu, akainua mabega. Nilikunywa chai ya maziwa, nikambeba mpwa wangu mpaka akaanza kulia, nikamrudisha kwa bibi yake. Kisha nikapakia kegi tupu na kuondoka.